Waziri wa Maji Asiyebeba Ndoo

Siku ya kuniaga walinipa kanga, saa ya ukutani na hotuba nyingi. Hotuba zote zilitolewa na watu ambao hawajawahi kulala bwenini hata siku moja. Mmoja alisema nilikuwa nguzo ya taaluma. Mimi niliishia darasa la nne, na taaluma yangu ilikuwa kunguni. Nilikaa pale mbele nimenyamaza, kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijaletwa.

Lakini nyinyi matroni vijana mliobaki kazini mlinifuata baadaye mkasema, "Mama, tuandikie basi mambo ya kazi." Haya, naandika. Nipo Mkonze kwa mwanangu, na mchana hapa sina kazi zaidi ya kufukuza kuku wa jirani. Mshahara sitautaja, haukuwa na mwili wa kutajwa. Cheo sikupanda, maana unaanza matroni na unamaliza matroni. Jina la shule nalo silitaji. Ilikuwa shule ya wasichana ya bweni, huku huku kwetu Ugogoni, si mbali na reli. Wenyewe watajijua.

Nilifika kiangazi, vumbi limetanda, sanduku langu la bati kichwani. Niliyekuja kujifunza kwake alikuwa Bibi Lea, matroni wa zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti kama mlango wa bati kwenye upepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unajua kunusa?"

"Kunusa nini, Bibi?"

"Basi hujui."

Akanishika mkono, akaniingiza bweni la kwanza, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. "Haya, vuta pumzi. Kona ile kuna anayekojoa kitandani, mwite pembeni, usimtangaze. Hapa katikati kuna aliyeficha nyama kavu ya kwao, huyo mwache mpaka Jumamosi. Na pale dirishani kuna mgonjwa." Mimi nilichonusa ni soksi tu. Lakini pale dirishani kweli alikuwepo mtoto ana homa, kajifunika mpaka utosini.

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu. Siku hizi mnapelekwa mjini mnapewa mafaili na soda, mkirudi hata shuka lenye chawa hamlijui. Basi shikeni haya machache. Kunguni hauawi kwa dawa ya kunyunyiza, hiyo inamhamisha tu kwenda bweni la pili. Toa vitanda juani, mwaga maji yanayochemka kwenye maungio ya chuma, rudia kabla mayai hayajaanguliwa. Mgonjwa wa kweli na mgonjwa wa hesabu utawajua wakati wa uji: anayeumwa kweli haulizi kama leo kuna sukari. Na funguo usizifunge kiunoni zikilialia kama njuga, maana utakuwa unapiga mbiu kila unakokwenda.

Sasa niseme habari ya mabweni na viranja, maana humo ndimo nilimoona upuuzi mwingi kuliko mahali pengine popote.

Mabweni yalikuwa manne, yamepewa majina ya milima: Meru, Rungwe, Uluguru na Hanang'. Kila bweni lilikuwa na kiranja wake na kitambaa chake cha rangi, na kila Jumamosi lilikaguliwa na kupewa alama. Mwisho wa muhula bweni la kwanza lilichinjiwa mbuzi. La mwisho lilipalilia maua mbele ya ofisi. Bibi Lea alikagua mwenyewe, akipitisha kidole chini ya vitanda. Hakuwa na imani yoyote na mashindano yale. "Ni uongo mzuri wa kuwafanya watoto wafagie," aliniambia. "Shida inaanza siku watu wazima watakapouamini."

Viranja walichaguliwa na walimu, lakini walimu walimuuliza Bibi Lea kwanza. Na yeye alikuwa na njia yake. Siku ya kuosha masufuria makubwa ya jikoni, alikaa upenuni akijifanya anachambua mchele. Mwalimu wa zamu akiondoka, nusu ya wasichana nao waliyeyuka. Yeye alimwangalia anayebaki na mkono ndani ya sufuria. Huyo ndiye aliyemtaja. "Anayepiga kelele kuwahimiza wenzake mwache," alisema. "Huyo anatafuta pa kusimama."

Bibi Lea alistaafu, akaniachia funguo na kiti chake kibovu. Baadaye ikaja ile miaka ya ruksa.

Mnaikumbuka, au wazazi wenu wamewasimulia. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikajaa gulioni, kila mtu akawa mfanyabiashara. Shuleni kwetu serikali ikaanza kuleta kidogo, wazazi wakaambiwa wachangie. Kilichokuja kwa wingi ni maneno. Pampu ya maji ilikosa mafuta, mafuta yalipopatikana ikakosa kipuri, kipuri kilipopatikana fundi akasema ni cha pampu nyingine. Tukarudi kwenye visima vya mchangani kule korongoni: unafukua, unasubiri maji yajikusanye, unachota na kibuyu, unajaza ndoo, unaweka ngata kichwani, unapanda kilima. Jua la Dodoma mnalijua.

Katika hali hiyo ndipo tukaletewa Mkuu mpya wa shule, mtu wa suti, ameona semina nyingi. Siku yake ya kwanza mstarini alitangaza kwamba nchi imeingia vyama vingi na shule lazima iende na wakati. Viranja wa kuteuliwa basi. Kutakuwa na kampeni, kura na serikali ya wanafunzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na wapishi. Mpishi mkuu, Mama Tausi, akaninong'oneza, "Na pampu nayo itagombea?"

Hizo kampeni ndugu zangu nilizishuhudia. Wasichana ambao juzi tu walikuwa wanalilia mama zao walipanda juu ya meza ya bwalo wakainua mikono. Aliyeshinda udada mkuu alikuwa Janeth wa bweni la Meru, binti wa mtu mwenye gari, aliyegawa pipi bweni kwa bweni akiahidi televisheni na mkate wa siagi kila Jumapili.

Nilimuuliza, "Janeth, mkate utautoa wapi?"

"Matroni, hiyo ni sera. Utekelezaji unakuja baadaye."

"Na ukiwa hauji?"

"Tutaunda kamati."

Hapo nikajua mtoto huyu atafika mbali.

Akaunda baraza lake la mawaziri, karibu wote kutoka Meru. Waziri wa Chakula, ambaye alianza kula kwanza. Waziri wa Michezo, tumbo lake lilimuuma kila siku ya mbio. Waziri wa Mambo ya Nje, sijui nje ipi, na geti limefungwa. Na Waziri wa Maji, msichana anaitwa Pendo, tai shingoni, kalamu sikioni. Alisimama kilimani kivulini akiwaangalia wenzake wanavyopanda na ndoo.

"Mheshimiwa," nikamwita, "ndoo yako iko wapi?"

"Mimi nasimamia, Matroni."

"Unasimamia nini? Maji yasimwagike juu?"

Alicheka, akadhani ni utani.

Mkuu akaongeza sheria mbili. Ya kwanza, ukaguzi wa Jumamosi ukatolewa kwangu, ukapewa kamati ya usafi ya hao mawaziri, na bweni la mwisho likawa halipalilii maua tena, linateka maji yote ya jikoni wiki nzima. Ya pili ilitokana na wasichana wawili kutoroka kwenda kwenye muziki gulioni. Mkuu akaamuru bweni lolote lisitoke getini ila likiongozwa na kiranja wa bweni hilo hilo, amevaa beji. Mlinzi wetu wa geti, Mzee Mahinyila, alifokewa mbele za watu kwa kumpitisha msichana aliyetumwa na mwalimu kununua chaki. Mzee yule alikuwa mtu wa kutunza maneno. Alisema tu, "Nimesikia, Mkuu."

Haya, sasa tumieni akili kidogo. Bweni la Hanang' lilikuwa la mwisho kabisa kule nyuma, sakafu imechimbika, mlango unatazama upepo. Kamati ikalipatia alama za mwisho. Wiki nzima wasichana wa Hanang' wakaamka kuteka maji, wakati wenzao wanafagia na kupiga deki. Jumamosi ikifika Hanang' ni vumbi tupu, na maji ya kupigia deki waliyoleta wenyewe yamekwisha jikoni. Wanakuwa wa mwisho tena. Wanateka tena. Muhula ukaenda hivyo. Kamati ikaandika ubaoni kwamba Hanang' "hawana ari". Nikamwambia mwalimu wa nidhamu kwamba hawa watoto wanashindwa kwa sababu ya adhabu ya kushindwa. Akanijibu, "Mama, ndiyo ushindani huo. Soko huria." Nikaenda zangu.

Kiranja wa Hanang' aliitwa Sechelela. Alikuwa kidato cha nne, mrefu, mkavu, haongei sana, na akiongea anakuangalia machoni mpaka wewe ndiye unayegeuka. Kwao ni Gulwe. Mama yake alikuwa mjane, anauza mayai ya kuchemsha na maziwa ya mgando kwa abiria treni ikisimama. Kulikuwa na mjomba ambaye alikwisha kuongea na watu wenye ng'ombe habari za kumwoza. Mama alikuwa amemwekea mjomba neno moja tu: subiri amalize mtihani wa kidato cha nne, akifaulu anaendelea, asipofaulu basi sina la kusema tena. Kwa hiyo mtihani ule haukuwa karatasi. Ulikuwa ukuta kati ya mtoto na zizi la watu. Mimi nililijua hilo, maana mama yake alikuja siku moja akaniambia hayo yote akiwa amesimama, hakutaka hata kukaa.

"Mama Matroni, nakuachia," akasema.

"Mimi si Mungu," nikamjibu.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Huyo nimekwisha kumwambia."

Sechelela hakugomea kuteka maji. Naomba mlishike hilo, maana baadaye lilipindishwa. Yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza korongoni na kupanda wa mwisho, akimwachia wa kidato cha kwanza ndoo ndogo. Wakati wengine wanasoma asubuhi, yeye alisoma akipanda kilima, ndoo kichwani, karatasi mkononi, midomo inacheza.

Ila uongozi mtamu huota meno. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa tupu. Siku moja Pendo akaagiza Hanang' wakishajaza masufuria walijaze na lile pipa, ni la serikali ya wanafunzi kuogea, maana viongozi lazima waonekane nadhifu. Wakajaza. Wiki ya pili wakajaza. Wiki ya tatu Sechelela akajaza masufuria ya Mama Tausi mpaka yakafurika, akageuza ndoo yake juu chini, akaikalia.

Pendo akamjia. "Pipa bado."

"Jiko limejaa."

"Nimesema pipa."

"Pipa halipiki uji."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Naongea na Pendo. Tulikuwa tunalala kitanda cha juu na chini kidato cha kwanza, ukikojoa nalowa mimi."

Jiko zima lilicheka, Mama Tausi akauweka mwiko chini kabisa ili acheke vizuri. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Kufika saa ya mstari, habari ilikuwa imebadilika: kiranja wa Hanang' ameongoza mgomo wa maji.

Ijumaa hiyo jioni kikao cha nidhamu kikakaa ofisini. Mkuu, mwalimu wa nidhamu, Janeth na Pendo na tai zao, mimi kwenye kigoda karibu na mlango, Sechelela amesimama katikati. Miaka ile neno mgomo lilikuwa linawatia walimu wakuu homa. Wakilisikia tu wanaanza kuona moto na mawe.

Mkuu akasema, "Utapiga magoti mstarini, uiombe radhi serikali ya wanafunzi. Usipofanya hivyo, unasimamishwa masomo mpaka mwakani."

Mpaka mwakani. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache. Nikamwona mama yake machoni kwangu, na yai mkononi.

"Naomba radhi kwa kumcheka Pendo," Sechelela akasema. "Hilo ni kosa. Kwa maji sina kosa, Mkuu. Jiko lilijaa."

"Magoti, Sechelela!"

"Nikipiga magoti, Mkuu, kesho pipa ni letu tena."

Mwalimu wa nidhamu akapiga meza. Janeth akasema kwa sauti ya hotuba, "Serikali yetu inasikitishwa." Mimi nilikuwa nimekasirika, na si kwa Mkuu peke yake. Nilimkasirikia na mtoto. Nikaomba nitoke naye nje dakika moja.

"We mtoto una wazimu?" nikamwambia pale upenuni. "Magoti ni nini? Mimi nimepiga magoti kusugua sakafu za watu wasiojua hata jina langu. Piga, simama, ukafanye mtihani."

"Mama, mimi naweza kupiga. Wale wadogo wakiniona?"

"Wale wadogo wataolewa badala yako?"

Akageuka akaangalia kule bwenini, goti halikupinda. Nikajua hapa nikisukuma zaidi navunja kitu ambacho sitaweza kukishona. Nikarudi ndani peke yangu.

Nikasema, "Mkuu, mnamfukuza kwenda Gulwe. Kwao kuna maziwa, kuna mama. Atalala, atanenepa, atawaringishia wenzake. Hiyo ni adhabu au likizo? Nipeni mimi. Nitamfungia stoo ya magodoro, asifanye kazi na wenzake, asisimame mstarini, asiongee na mtu, chakula aletewe. Beji mvueni. Nimemaliza watoto wakaidi kuliko huyu."

Mkuu aliniangalia kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. "Nyinyi wazee mna adhabu kali," akasema.

"Ndivyo tulivyolelewa," nikajibu.

Stoo ya magodoro ilikuwa na dirisha linaloangalia mashariki na meza ya zamani ya kukunjia mashuka. Ndimo alimoishi Sechelela kutwa, na vitabu vyake na mitihani ya miaka ya nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu kampeni ziishe, alisoma akiwa amekaa. Ila usidhani alinishukuru. Siku ya pili aliniambia, "Mama, umenitenga na wenzangu. Jumatatu wao watateka, mimi nitakaa kama Pendo."

"Soma," nikamwambia. "Pendo hasomi."

Sasa ndipo sheria za Mkuu zikaanza kulana zenyewe. Jumamosi Hanang' wakawa wa mwisho kama kawaida. Jumatatu alfajiri wakajipanga getini na ndoo zao kwenda korongoni. Mzee Mahinyila akatoka kibandani.

"Kiranja wenu yuko wapi?"

"Amevuliwa beji, Mzee."

"Basi rudini."

Wakarudi, wakaingia madarasani wakafungua vitabu. Mama Tausi akasubiri maji mpaka kuni zikaisha. Uji haukuwepo. Mkuu alipopata habari akamwita msichana wa kidato cha tatu wa Hanang', akamvisha beji mwenyewe. Kufika getini beji haipo. "Imedondoka, Mzee." Akavishwa mwingine, huyo akaishika mkononi kama mtu aliyepewa mjusi, akairudisha ofisini, akasema yeye ana pumu. Wakafuata wengine. Bweni zima likawa na pumu. Mimi niliulizwa kama ni mgomo. Nikasema sioni mgomo hapa, watoto wako darasani wanasoma, ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona bweni lile kwenye vipindi vyote vya asubuhi.

Wakamtuma Pendo awaongoze. Mzee Mahinyila akamtazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Huyu si wa Meru?"

"Ni Waziri wa Maji, Mzee!" Pendo akasema.

"Sikatai. Lakini niliambiwa kiranja wa bweni hilo hilo."

Mkuu akaja mwenyewe, amekunja uso. "Mzee, fungua. Nakuamuru mimi."

"Nitafungua, Mkuu. Ila juzi ulinifokea mbele ya watoto kwa habari ya chaki. Niandikie kikaratasi, useme watoke bila kiranja, na akipotea mtu korongoni si mimi."

Mkuu alipapasa mfuko wa koti kama anatafuta kalamu. Nayo ilikuwa mfukoni juu inaonekana. Akageuka akaondoka.

Na bado angeweza kuvumilia. Wanafunzi kukosa uji, hilo lilikuwa tatizo la kujadiliwa. Lakini saa nne ilipofika, walimu wakakosa chai, na hiyo sasa ikawa dharura ya taifa. Mwalimu wa nidhamu, yule wa soko huria, alionekana akizunguka jiko ameshika kikombe kitupu. Amri ikatoka: Meru wana kiranja wao, wana beji, waende. Wakaenda. Janeth na baraza lake lote walishuka korongoni na tai shingoni, wakapanda na ndoo nusu, nusu nyingine iko kifuani. Nilitoa kiti cha Bibi Lea upenuni, nikakaa nikachambua mchele. Hakukuwa na mchele siku hiyo.

Siku iliyofuata Meru wote wakawa na pumu, na Rungwe na Uluguru wakaambukizwa.

Ndipo Mkuu akaja stoo. Nilikuwa humo nahesabu mashuka. Sechelela akasimama, akasema shikamoo. Mkuu akatoa beji mfukoni, akaiweka juu ya meza, juu ya kitabu kilichokuwa wazi.

"Nimekusamehe. Chukua beji, uwaongoze wenzako."

"Asante, Mkuu." Hakuigusa. "Nikiivaa nitateka maji ya jiko. Ya pipa sitateka. Itakuwa kesi tena, na mtihani umekaribia. Naomba nimalizie adhabu yangu."

"Adhabu nimeifuta!"

"Basi naomba nikae tu humu, Mkuu. Kuna mwanga."

Mkuu akanigeukia. Mimi nilikuwa nimefika kwenye foronya. Ningeweza kusema neno, lakini kazi hii imenifundisha kwamba mtu mkubwa akishindwa, usiwe wewe uliyekuwa unamtazama.

Jioni mstarini akatangaza utaratibu wa kisasa wa usimamizi wa maji. Mabweni yote yatateka kwa zamu, wiki moja moja, viongozi wakiwemo, na lile pipa lihamishiwe jikoni. Alieleza kwa mifano, kama vile umemjia usingizini. Walimu wakapiga makofi. Janeth akatoa neno la shukrani kwa niaba ya serikali yake, akasema hii ilikuwa sera yao tangu mwanzo. Hanang' wakapata kiranja siku hiyo hiyo, yule wa beji iliyodondoka. Alikuwa ameishona ndani ya gauni.

Sechelela akamaliza muda wake bila cheo. Wenzake waliendelea kumwita kiranja, na yeye aliendelea kutoitika.

Asubuhi ya mtihani niliamka kabla ya kengele, kama kawaida. Wiki ile ilikuwa zamu ya Meru. Kidato cha nne walikuwa wamesamehewa kuteka, kwa hiyo jana yake wadogo wa Meru walishuka peke yao, wakaleta ya jiko, wakachoka, basi. Sechelela yeye alikuwa amejitunzia ndoo moja uvunguni mwa kitanda. Nilimkuta uani anatia maji kwenye beseni, uso umemkauka kwa hofu, maana alikuwa binadamu.

Mara akatokea Janeth, taulo begani, macho mekundu, dada mkuu wa televisheni na mkate. Nywele zimesimama, usiku hakulala.

"Matroni, maji ya kuoga hakuna."

"Korongo lipo," nikamwambia.

"Mtihani saa mbili, Matroni!"

"Unda kamati."

Alianza kulia, tena kulia kwa kweli, kamasi na kila kitu. Nikamgeuzia mgongo nikaanza kufunga stoo. Nikasikia maji yanamiminika. Nilipogeuka, Sechelela alikuwa ameinamisha ndoo, anamgawia Janeth kwenye beseni lake, nusu kwa nusu, anapima kwa jicho kama mtu anayegawa dawa. Wakaoga upande huu na upande ule wa ukuta, wakavaa, wakaenda kwenye chumba cha mtihani pamoja, shingo zote mbili bado zina maji.

Mimi nisingempa hata tone.